Kutua, Kutulia na Kupokea: Historia Fupi ya Istilahi za Kani kwa Mifano ya Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyojipatia maneno ya kutajia hali ya kitu kilichotulia, na kuchunguza kama maneno hayo yanaifikisha maana ya kisayansi kwa mwanafunzi na kwa mwananchi wa kawaida. Jambo hili huweza kuonekana dogo. Chungu kinapokuwa juu ya mafiga, dumu la maji linapokuwa kichwani, au lori linapoegeshwa kando ya barabara, mpita njia haulizi neno, kwa kuwa kwa macho yake hapana linalotendeka. Fizikia husema kinyume chake. Kitu kilichotulia ni kitu kinachosukumwa na kuvutwa wakati wote, ila misukumo na mivuto hiyo imelingana hata hakuna unaoushinda mwingine.

Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba kitu kimetulia kwa sababu hakuna nguvu yoyote inayokigusa hutumia Kiswahili safi, lakini hufundisha lisilo kweli. Hatuna haja ya kumlaumu. Lugha yenyewe humvuta huko, kama tutakavyoonyesha hapa chini. Ndiyo maana suala hili linawahusu wanaistilahi kama linavyowahusu walimu wa sayansi.

Mifano yetu tumeichagua kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, hiyo ni nchi ya vilima, ya mizigo ya kichwani, na ya barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Mambo ya uzito na utulivu yanaonekana huko kila siku. Pili, Kiswahili kimekutana huko na lugha ndugu, yaani Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza, na mtoto anayesoma sayansi kwa Kiswahili huja darasani akiwa tayari na elimu ya nyumbani iliyomo katika lugha hizo.

Maneno yaliyokuja na mizigo

Kiswahili kilifika katika nchi hizo pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Mwaka 1861 Speke na Grant walipita Usui, yaani Rusubi, ambayo leo imo katika eneo la Biharamulo, wakielekea Karagwe. Na njia hiyo ilikuwa imekwisha zoeleka na wafanyabiashara waliotoka pwani. Bidhaa zote zilichukuliwa na watu. Mzigo wa mpagazi mmoja kwa kawaida ulikuwa wa ratili 60 hadi 70, yaani kama kilo 27 hadi 32, na maisha ya msafara yalizunguka vitenzi viwili: kutwika na kutua. Asubuhi watu walijitwika, jioni walitua.

Kitenzi hicho cha pili kinastahili kutazamwa kwa makini. Kutua ni kuuweka mzigo chini. Ndege hutua, na jua hutua. Kutokana na tua tumepata tulia, yaani kukaa bila wasiwasi wala mwendo. Na kutokana na tulia tumepata utulivu na tuli, maneno ambayo sayansi imeyachukua, kwa mfano tunaposema umeme tuli. Kwa hiyo wazo lote la utulivu katika Kiswahili lilianza na mchukuzi aliyeshusha mzigo wake.

Hapa ndipo penye uzuri wa neno, na hapohapo ndipo penye hatari yake. Aliyetua amepumzika, na sisi husema mambo yametulia. Lakini aliyepumzika ni mchukuzi. Mzigo haukuacha kuwa mzito kwa sababu umewekwa chini. Ardhi imeupokea, nayo sasa inaushikilia kama shingo ya mtu ilivyokuwa ikiushikilia kabla. Macho huona uchovu wa mtu, lakini hayaoni kazi ya ardhi. Lugha imefuata macho.

Hata hivyo lugha hiyohiyo imetuwekea dawa. Adabu ya Kiswahili ni kumpokea mgeni mzigo wake. Anayeingia uani na furushi huambiwa, "Lete nikupokee." Kupokea hapa maana yake ni kuuchukua uzito kutoka kwa mwingine ili usianguke. Basi tukisema kwamba ardhi imeupokea mzigo, au kwamba meza inakipokea kitabu, hatusemi kwa fumbo tu. Tunasema jambo ambalo fizikia inalihitaji, yaani kwamba mahali pa kile kilichokuwa kikiushikilia mzigo pamekaa kingine.

Nguvu au kani?

Kwa muda mrefu neno lililotumika darasani kutafsiria wazo la msukumo na mvuto lilikuwa nguvu. Ni neno la Kibantu lenye ndugu wengi. Kirundi husema inguvu na Kinyarwanda ingufu, na kwa hiyo mtoto wa Ngara hulielewa mara moja. Kasoro yake ni kwamba linaeleweka kupita kiasi. Katika matumizi ya kila siku nguvu ni sifa ya mwenye kutenda. Mtu ana nguvu, ng'ombe ana nguvu, injini ina nguvu. Twasema pia nguvu ya umeme, nguvu ya hoja, nguvu kazi, na nguvu ya sheria. Neno moja limebebeshwa mizigo minne au mitano, na mtoto anapoambiwa kwamba meza ina nguvu inayosukuma kitabu juu, hucheka. Meza haina misuli, haili, wala haichoki. Itapata wapi nguvu?

Haja ya kutenganisha maneno haya ilizidi baada ya mwaka 1967. Mwaka huo ndio wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Ndio mwaka ambao sheria ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Na ni katika miaka hiyo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo katika madarasa yote ya shule ya msingi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na mpango huo ulipoanza kutekelezwa mwaka 1977 madarasa ya Ngara na Biharamulo yalijaa kama yalivyojaa kwingine. Sayansi ikawa somo la kila mtoto, na maneno yake yakawa jambo la Taifa zima. Baraza na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili zilifanya kazi kubwa ya kuunda na kusanifu istilahi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na mwaka 1990 Taasisi ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Katika mgawanyo uliokaa, nishati ndilo neno la uwezo wa kufanya kazi, na kani ndilo la msukumo au mvuto. Kutokana na kani tukapata kanieneo, yaani kani iliyotandazwa juu ya eneo. Tungamo likawa wingi wa maada iliyomo katika kitu, na uzito ukawa mvuto wa dunia juu ya kitu hicho.

Kani ni neno la zamani. Maana yake ya kwanza ni nguvu; lakini linayo maana ya pili ambayo watu wengi wa bara hawaijui, nayo ni ushupavu wa kushikilia jambo. Mtu aliyeshika kani ni yule asiyekubali kusogea katika ubishi. Hatudai kwamba wanaistilahi walilichagua neno hili kwa kuifikiria maana hiyo. Twasema tu kwamba bahati ilikuwa nzuri, kwa sababu maana hiyo ndiyo inayohitajika mezani. Meza haina nguvu, lakini inashika kani. Kitabu kinasukuma chini, meza haikubali, na kwa kuwa hakuna anayemshinda mwenzake, kitabu kinatulia. Mwanafunzi aliyekataa kuamini kwamba meza ina nguvu hakatai kuamini kwamba meza ni kaidi.

Mafiga, ngata na mgomba

Tukiingia nyumbani tutaona kwamba elimu ya kusawazisha kani ilikuwako zamani bila kupewa jina la darasani. Tuanze na mafiga. Neno figa ni ndugu wa ishyiga la Kinyarwanda na essiga la Kiganda, na katika lugha zote hizo desturi ni moja, kwamba mawe ni matatu. Methali ya Kiswahili husema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Methali hiyo hutumiwa kuhimiza ushirikiano, lakini ni ya kweli hata jikoni. Kitu kinachokaa juu ya ncha tatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mashimo, kwa sababu ncha tatu daima huweza kugusa zote kwa pamoja. Ncha nne hazina hakika hiyo, na kila aliyekalia kiti cha miguu minne katika sakafu ya udongo anajua.

Tuchukue chungu ambacho pamoja na maharage na maji yake kina tungamo la kilo 15. Dunia hukivuta chini kwa kani ya takriban nyutoni 150. Ikiwa kimekaa katikati, kila figa hulazimika kukisukuma juu kwa kani ya nyutoni 50. Lakini chungu ni cha mviringo, nalo figa hukigusa ubavuni, kwa hiyo msukumo wake umeinama. Sehemu yake huenda juu na sehemu huenda ndani, kuelekea katikati ya moto. Misukumo mitatu ya kwenda ndani hukutana na kumalizana. Ukiondoa figa moja, ile miwili iliyobaki haina wa kuizuia, na chungu huanguka upande ule uliobaki wazi. Mama anayesogeza figa kidogo kabla ya kuinjika chungu hufanya kazi ileile ambayo mhandisi huifanya kwa kalamu.

Mfano wa pili ni ngata, ambayo wengine huiita kata. Kinyarwanda husema ingata na Kiganda enkata. Ni pete ya majani makavu ya mgomba au ya kitambaa ambayo huwekwa kichwani chini ya mzigo. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa nyutoni zipatazo 200, na shingo ya mchukuzi hulisukuma juu kwa kiasi hichohicho. Ngata haipunguzi hata nyutoni moja ya uzito huo. Inachopunguza ni kanieneo. Bila ngata, kani yote huishia katika eneo dogo la utosi na kuumiza. Pamoja na ngata, hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Hapa mwalimu wa Ngara anayo nafasi nzuri ya kutofautisha kani na kanieneo mbele ya watoto ambao wamechota maji asubuhi ileile.

Tena mzigo wa kichwani hufunza jambo jingine. Haitoshi kani mbili zilingane kwa kiasi; lazima ziwe katika mstari mmoja. Dumu likiinama upande, uzito hushuka kupitia mstari mmoja na shingo husukuma kupitia mwingine, na hapo dumu hupinduka ijapokuwa kiasi cha kani hakikubadilika. Mchukuzi hurekebisha kwa kusogeza shingo, si kwa kuongeza nguvu.

Mfano wa tatu ni shambani. Mgomba uliozaa mkungu mkubwa huegemezwa kwa mti wenye panda usije ukang'oka. Watu wa pwani wanayo gadi, gogo la kuegemezea chombo kilichopwelewa ili kisilale ubavu. Mwega wa mgomba wa Biharamulo na gadi ya jahazi la Unguja ni kitu kimoja kwa mujibu wa fizikia. Vyote viwili huongeza kani ya tatu pale ambapo kani mbili za mwanzo hazitoshi kumalizana. Vilevile wenzo, ambao zamani ulikuwa mti wa kusukumia vitu vizito, leo umekuwa istilahi ya darasani, pamoja na egemeo lake. Wanaistilahi walifanya vema walipookota maneno hayo kazini badala ya kuyabuni mezani.

Kusawazana na kujibizana

Sasa tufikie mahali ambapo tafsiri nyingi huteleza. Mwaka 1687 Isaac Newton alitoa kanuni zake tatu za mwendo. Ya kwanza husema kwamba kitu hubaki katika utulivu wake, au katika mwendo wake ulionyooka usiobadilika, mpaka kani isiyosawazishwa ikibadilishe. Ya tatu husema kwamba kitu kimoja kikikisukuma kingine, kile cha pili nacho hukisukuma cha kwanza kwa kiasi kilekile na kwa upande wa kinyume. Katika maandishi mengi ya Kiswahili kanuni zote mbili hufasiriwa kwa maneno yaleyale, "kani zilizo sawa na kinyume", na msomaji hutoka akidhani kwamba ni jambo moja.

Tuchukue lori lililosimama barabarani kwenye tambarare. Dunia hulivuta chini, na barabara hulisukuma juu. Kani hizi mbili zinakaa juu ya kitu kimoja, yaani lori. Zimelingana, na ndiyo maana lori limetulia. Hizi tunaziita kani zinazosawazana. Lakini kuna jozi nyingine. Magurudumu huigandamiza barabara chini, na barabara huyasukuma magurudumu juu. Hapa kani moja iko juu ya barabara na ya pili iko juu ya lori. Hizi haziwezi kumalizana, kwa kuwa hazikai mahali pamoja. Deni la Juma halilipwi kwa fedha iliyomo mfukoni mwa Ali asiyehusika. Hizi tunaziita kani zinazojibizana.

Tofauti ya majina haya mawili si ya kupendezesha maandishi. Kani zinazojibizana zipo daima, kitu kikiwa kimetulia au kinakwenda mbio. Kani zinazosawazana zipo pale tu ambapo mwendo haubadiliki. Anayezichanganya hufikia swali lisilo na jibu, yaani kwamba kama kila kani ina mwenzake wa kuimaliza, kitu chochote kitawezaje kuondoka? Kiambishi -an- cha kutendana kinatufaa sana hapa, na kila kitenzi hubeba maana yake: kusawazana ni kuwa sawa juu ya kitu kimoja, kujibizana ni kurudishiana baina ya vitu viwili.

Kuhusu jina la hali yenyewe, msawazo ndilo linalofaa zaidi kwa maoni yetu. Usawa ni neno la siasa na la jiometria pia. Mlingano umekwisha kutengwa kwa hesabu za aljebra. Uwiano ni habari ya kiasi kwa kiasi. Msawazo halina kazi nyingine kubwa, na asili yake, sawazisha, huonyesha kwamba usawa huo umepatikana kwa kushindana.

Mizani na daraja

Katika barabara itokayo Nyakanazi kwenda Rusumo mwananchi hukutana na mizani ya magari, kama ile ya Nyakahura wilayani Biharamulo. Neno mizani limetujia kutoka Kiarabu, na lina historia ndefu ya biashara na ya ushairi. Mizani ya zamani ya vitanga viwili ililinganisha bidhaa na mawe ya mizani, na kwa hiyo ilipima tungamo. Mizani ya kuning'iniza yenye springi, pamoja na ile ya kukanyagwa na lori, hupima kani. Kwa usahihi zaidi, mizani ya barabarani haipimi mvuto wa dunia juu ya lori moja kwa moja. Hupima jinsi lori linavyoigandamiza, na kiasi hicho huwa sawa na uzito wa lori kwa sababu tu lori limetulia. Ndiyo maana mizani ya kusimamia huhitaji gari litulie kabisa kabla ya namba kusomwa.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wote wa gari na mzigo wake. Tani 56 zinahitaji barabara, au daraja, kusukuma juu kwa kani ya takriban nyutoni 550,000. Mwenye gari anayesema kwamba lori lake halikufanya kitu bali lilisimama tu juu ya daraja, hajui kwamba kusimama kwenyewe ni kugandamiza, na kwamba daraja lililobeba lori lililosimama linafanya kazi kila sekunde.

Daraja la Rusumo ni shahidi mzuri wa jambo hili. Mto Kagera hupita hapo katika mwanya wa mawe karibu na maporomoko, chini kidogo ya mahali ambapo Ruvubu hukutana na Nyabarongo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 waliokimbia vita na mauaji nchini Rwanda waliingia Ngara kupitia hapo, wengi wao wakiwa na magodoro, vyungu na watoto juu ya vichwa na migongo yao. Daraja lile la zamani, lililokuwa la njia moja, lilipokea miguu hiyo yote. Daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani lilizinduliwa tarehe 6 Aprili 2016 na marais wa Tanzania na Rwanda. Uimara wake haupimwi kwa namna linavyotikisika tu. Unapimwa kwa kani linazoweza kuzipokea likiwa halionyeshi dalili yoyote ya kuzipokea.

Barabara hiyo ina miteremko mikali pia, na hapo lori lililoegeshwa hutupatia msawazo wa kani tatu badala ya mbili. Uzito huvuta wima kwenda chini; barabara husukuma kwa pembe mraba na uso wake; na msuguano tuli wa matairi huvuta kuelekea juu ya mlima. Utingo anapoweka jiwe nyuma ya gurudumu huongeza kani ya nne kwa tahadhari, iwapo breki zitaachia na msuguano kushindwa.

Suala hili la kitu kilichotulia kwenye mteremko ndilo lililompa umaarufu Simon Stevin, aliyezaliwa Bruges. Mwaka 1586, karne moja kabla ya kitabu cha Newton, alichapisha mjini Leiden kitabu kuhusu sanaa ya kupima uzito, na ndani yake akaeleza kwa mfano wa mnyororo wa tufe uliolazwa juu ya miteremko miwili jinsi kani zinavyosawazana. Wataalamu wa wakati huo waliandika Kilatini, kama Newton mwenyewe alivyofanya baadaye. Stevin aliandika Kiholanzi, ili wajenzi wa mifereji na mashine wamsome, na pale ambapo Kiholanzi hakikuwa na neno, alilitunga. Neno ambalo Waholanzi wanalitumia hadi leo kwa somo la hisabati hutokana na kazi yake. Basi elimu ya vitu vilivyotulia ilikuwa miongoni mwa sayansi za kwanza za Ulaya kuandikwa kwa lugha ya mafundi. Anayesema kwamba Kiswahili ni lugha changa mno kwa fizikia hana budi kuikumbuka historia hiyo.

Utulivu unapovunjika

Msomaji aweza kuuliza kama haya yote yana faida nje ya darasa. Tujibu kwa tukio moja. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Mkoa wa Kagera na kuathiri zaidi Bukoba na Missenyi. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha nchini Tanzania, na maelfu ya nyumba yalibomoka au kupata nyufa.

Ukuta wa tofali hupokea vizuri uzito unaoshuka kutoka juu. Boma la Wajerumani la Biharamulo, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, lingali limesimama kwa zaidi ya miaka 100 kwa njia hiyo, kila jiwe likilipokea jiwe lililo juu yake. Lakini ardhi inapotikisika huusukuma ukuta ubavuni, upande ambao hakuna kani iliyoandaliwa ya kusawazisha. Mkanda wa zege ambao mafundi huuita lenta, ukizunguka nyumba nzima, huzifunga kuta pamoja ili ukuta mmoja uweze kumpokea mwenzake. Mwenye nyumba anayeamini kwamba ukuta uliotulia hauna kani yoyote ndani yake huona lenta kuwa gharama ya bure. Anayejua kwamba ukuta wake uko kazini usiku na mchana huuliza swali la maana: ukisukumwa kutoka upande mwingine, ni nini kitakachoupokea?

Afisa anayeandika mwongozo wa ujenzi au tangazo la barabara kwa Kiswahili yuko katika hali hiyohiyo. Akiandika tu kwamba nyumba iwe "imara na yenye nguvu", hakusema kitu. Akiandika kwamba kuta ziweze kupokea msukumo wa ubavuni, fundi anajua la kufanya.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuelezea utulivu wa vitu, na kwamba mengi yametoka katika kazi za watu: katika kutwika na kutua, katika mafiga, katika gadi na wenzo. Tumeonyesha pia kwamba neno tulia, kwa asili yake, humwelekeza msikiaji kwa mchukuzi aliyepumzika na kumsahaulisha aliyeupokea mzigo. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, vitabu vya shule za msingi vitumie kani mahali pote panapohusu msukumo na mvuto, na neno nguvu liachiwe maana zake za kawaida. Elimu ya sekondari katika shule nyingi ingali ikitolewa kwa Kiingereza, licha ya pendekezo la Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982. Hivyo dhana isiyokaa sawa katika shule ya msingi huvukishwa ikiwa na kasoro yake.

Pili, wafasiri watofautishe kani zinazosawazana na kani zinazojibizana, wala wasitumie kifungu kimoja kwa zote mbili.

Tatu, kani ambayo uso wa meza, sakafu au barabara hukisukuma kitu kilicho juu yake ipewe jina la kani pokezi. Tunaliweka jina hili mbele ya wasomaji walijaribu katika kufundisha na kufasiri.

Nne, walimu wa kila wilaya waanze somo hili kwa vitu vya nyumbani na kwa majina yake ya lugha za nyumbani, ndipo wapande kwenye istilahi. Mtoto wa Ngara aliyewahi kuchagua figa la tatu na kusokota ngata yake mwenyewe amekwisha fanya jaribio hilo. Kazi ya istilahi ni kumpatia jina la kile ambacho mikono yake inakijua.

Mwalimu atakayefuata njia hiyo hatahitaji tena kusema kwamba kitabu kimetulia mezani kwa sababu hakuna kani. Atasema kwamba dunia inakivuta, meza inakipokea, na kani hizo mbili zimesawazana. Sentensi hiyo ni fupi, ni ya Kiswahili, na ni ya kweli.